Milango ya ndani: anza na chumba, mtindo ufuate

Milango ya ndani huchaguliwa mwishoni kabisa mwa ujenzi, mwenye nyumba akiwa amechoka na fedha zikiwa zimepungua. Anaonyeshwa picha, anapenda moja, anaagiza milango inayofanana ya nyumba nzima. Baada ya miezi michache mlango wa bafu umevimba, wa chumba cha kulala unapitisha kila neno linalosemwa sebuleni, na wa stoo unagonga kabati kila ukifunguliwa. Sura ya milango haina kosa lolote. Kosa ni kwamba sura ndiyo iliyotangulia.

Mwongozo huu unakwenda kinyume cha mazoea hayo. Utaanza na kazi ya kila chumba, kisha namna mlango utakavyofunguka, kisha ulivyojengwa kwa ndani, ndipo uje kwenye mtindo. Ukifika hapo ukiwa umeshajibu matatu ya kwanza, picha nyingi zitakuwa zimejiondoa zenyewe na zitakazobaki utazichagua kwa raha.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba na daftari

Simama kwenye kila nafasi ya mlango, uandike mambo manne: nani anakitumia chumba hiki, mlango unatakiwa kuzuia nini, unatakiwa kupitisha nini, na kitu gani kiko karibu ambacho utakigonga.

Chumba cha kulala kinataka sauti na mwanga vizuiwe. Bafu linataka faragha, lakini linataka pia hewa ipenye kwa chini ya mlango ili mvuke upate kutoka kwenye dirisha au feni. Jikoni watu hupita mikono imejaa, kwa hiyo kitasa cha mkono unaoshushwa hata kwa kiwiko kinafaa kuliko cha kuzungusha, na kipande cha kioo sehemu ya juu humwezesha anayetoka kumwona anayeingia kabla hawajagongana. Stoo na makabati ya nguo yanataka hewa, maana nguo zilizofungiwa mahali pasipopita hewa huota ukungu. Korido isiyo na dirisha inataka mwanga wa kuazima kutoka vyumba vya jirani.

Hapohapo jiulize kama mlango unahitajika kweli. Nafasi iliyoachwa wazi kati ya sebule na chumba cha kulia hufanya nyumba ndogo ionekane pana, na ni mlango mmoja wa kulipia uliopungua. Ila usiache wazi mahali penye kelele, harufu, au karibu na anapolala mtoto mchana. Nafasi ikishamalizwa bila fremu, kurudisha mlango baadaye ni kubomoa plasta.

Sasa upana. Hapa watu wengi hujibana bila sababu. Upana wa mlango wenyewe si upana unaopitika, kwa sababu mlango uliofunguka kwa nyuzi 90 bado unene wake umesimama ndani ya nafasi, na ule ubao mwembamba wa fremu unaozuia mlango usipitilize nao umechukua sehemu yake. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu vinataka nafasi wazi ya inchi 32, yaani milimita 815 hivi, mlango ukiwa umefunguliwa kwa nyuzi 90. Mlango wa milimita 800 haufikishi hapo; wa 900 unafikisha. Hata kama leo hakuna mwenye kiti cha magurudumu nyumbani, godoro, friji na mzee anayeshikiliwa pande zote mbili vyote hupita mlangoni. Ningeshauri 900 kwa sebule, kwa chumba kimoja cha kulala na kwa bafu moja angalau. Stoo na makabati yanaweza kubaki na 600 au 700.

Kwenye kupima, usiamini kipimo kimoja. Pima upana wa nafasi juu, katikati na chini. Pima kimo kushoto na kulia. Pima unene wa ukuta pamoja na plasta ya pande zote mbili. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote cha upana na cha kimo. Kisha vuta tepu kutoka pembe moja hadi ya mkabala, mara mbili: vipimo viwili visipolingana, nafasi imepinda na fundi muashi ainyooshe kabla fremu haijaja. Kimo kipimwe kutoka usawa wa sakafu iliyokamilika. Kama vigae bado, toa kwenye kimo ulichopima unene wa kigae pamoja na saruji au gundi yake, la sivyo utakuja kukata mlango mpya kwa chini.

Na uliza mapema kiwanda au fundi wako anafuata vipimo vya wapi. Kimo cha kawaida Marekani ni inchi 80, yaani milimita 2032. Uingereza mlango wa kawaida una milimita 1981. Kwingineko utakuta 2040 au 2100. Ukimwachia muashi nafasi ya kiwango kimoja na ukanunua mlango wa kiwango kingine, atakayeteseka ni seremala.

Hatua ya 2: Amua utakavyofunguka

Mlango wa bawaba wa kawaida hufunguka kuelekea ndani ya chumba, na huegemea ukuta ulio karibu ili usisimame katikati ya njia. Swichi ya taa huwekwa upande wa kitasa, si nyuma ya mlango. Haya yanajulikana, lakini kwenye michoro mingi hayajafuatwa, kwa hiyo yahakikishe mwenyewe kabla fundi umeme hajachimba ukuta.

Njia ya uhakika ni kamba na chaki. Mtu mmoja ashike ncha ya kamba sakafuni pale bawaba zitakapokuwa. Wewe pima kwenye kamba urefu sawa na upana wa mlango, shika chaki hapo, uzungushe kuanzia kwenye nafasi mpaka ukutani. Umepata tao la mlango kwa ukubwa wake halisi. Ingia ndani ya chumba, tembea, weka sanduku palipo na kitanda. Utaona mara moja kama mlango utagonga kitanda, kama utakutana na mlango wa kabati, kama mtu aliyeketi kwenye sinki la choo atapigwa magoti. Fanya hivyo kwa milango yote ya korido, kwa sababu milango miwili inayofunguka kuelekea sehemu moja ndiyo inayovunjana vitasa.

Kuna sehemu mbili ambapo kanuni ya kufungukia ndani hubadilika au kupata sharti. Ya kwanza ni choo au bafu dogo. Mtu akianguka ndani na mwili wake ukaegemea mlango unaofungukia ndani, aliye nje hawezi kumfikia. Bafu dogo lifungukie nje, au liwe na mlango wa kuteleza unaoingia ndani ya ukuta, au bawaba zinazoruhusu mlango kung'olewa kutoka nje. Kama nyumba ina mzee au mgonjwa, jambo hili lisiachwe. Ya pili ni ngazi: mlango usifunguke juu ya ngazi inayoshuka. Anayetoka anatakiwa akanyage sakafu tambarare kwanza, aone ngazi, ndipo ashuke.

Mlango wa kuteleza juu ya ukuta umependwa sana miaka ya karibuni, ule unaoning'inia kwenye reli inayoonekana. Unapendeza, na unaokoa nafasi ya tao lote uliyochora kwa chaki. Lakini unahitaji ukuta mtupu pembeni wenye upana sawa na mlango au zaidi, bila swichi, soketi wala picha. Unaacha pengo kati yake na ukuta, na sauti, harufu na mwanga hupita humo. Kwa ofisi ya nyumbani isiyohitaji ukimya, kwa stoo, kwa chumba cha kufulia, unafaa. Kwa choo, hapana. Hakuna anayestarehe choo kikiwa na mpasuko wazi pembeni. Hakikisha pia chini kuna kifaa cha kuuongoza, maana bila hicho mlango huyumba na kugonga ukuta, na reli iwe na vizuizi ncha zote mbili.

Mlango unaoingia ndani ya ukuta hauna kasoro ya kuchukua uso wa ukuta, ila huamuliwa wakati wa kujenga. Ukuta wake lazima uwe na uwazi wa kumeza mlango mzima, na katika sehemu hiyo hakuna bomba wala waya utakaopita. Reli ikiharibika, kuifikia ni kazi. Mimi huupendekeza mahali ambapo mlango hukaa wazi muda mwingi.

Milango ya kukunja ni ya makabati na mashine za kufulia. Milango ya mabawa mawili ni ya nafasi pana, kama sebule. Kama upana haufiki milimita 1200, kila bawa litakuwa jembamba mno na utalazimika kufungua yote mawili kila ukipita.

Unapoagiza, usimwambie muuzaji "mlango wa kulia" au "wa kushoto" ukadhani mmeelewana. Nchi na viwanda vina njia tofauti za kutaja upande. Chora nafasi ukiangalia kutoka juu, weka alama ya bawaba, chora tao, andika jina la chumba. Mchoro wa dakika mbili kwa kila mlango huzuia ugomvi wote.

Hatua ya 3: Jua kilichomo ndani ya mlango

Milango miwili inayofanana kabisa kwa rangi na paneli inaweza kuwa vitu viwili tofauti. Gonga katikati kwa kifundo cha kidole, kisha gonga karibu na ukingo. Sauti ikiwa ya wazi katikati na nzito pembeni, huo ni mlango wenye tumbo tupu: pembeni kuna fremu nyembamba ya mbao, mbele na nyuma kuna bao nyembamba, na katikati kuna karatasi ngumu iliyopangwa kama sega la nyuki. Sauti ikiwa nzito na sawa kote, ndani kuna chipubodi au vipande vya mbao vilivyoshikanishwa. Kisha unyanyue upande mmoja. Mlango ulioshiba huwa na uzito mara mbili ya ule mtupu au zaidi.

Mlango mtupu una mahali pake. Ni wa bei nafuu, ni mwepesi kwa bawaba, hautumii mbao nyingi, na kwa kabati au stoo unatosha kabisa. Ila ujue mipaka yake. Kitasa hufungwa kwenye kipande cha mbao kilichowekwa ndani kwa ajili hiyo, na wakati mwingine kiko upande mmoja tu, ambao kiwanda huuwekea alama. Ukitoboa upande mwingine, skrubu zitashika hewa. Ndoano ya kutundikia nguo haina cha kushika. Na ukitaka kuupunguza, unaweza kukata milimita chache tu kabla hujaimaliza ile fremu ya pembeni. Kwa chumba cha kulala, chumba cha kusomea au bafu linalotazamana na sebule, nunua ulioshiba, hata kama itabidi urahisishe mtindo ili fedha itoshe. Sauti huzuiwa na uzito, na urembo wa paneli hauongezi chochote kwenye hilo.

Hata hivyo uzito peke yake hautoshi. Pengo chini ya mlango hupitisha sauti nyingi kiasi cha kuipunguza faida ya mlango mzuri. Kwa chumba kinachotaka ukimya, weka raba kwenye fremu pande tatu, na chini weka kifaa kinachoshuka mlango ukifungwa. Bafuni fanya kinyume: acha pengo la milimita 10 hivi juu ya sakafu iliyokamilika ili hewa iingie. Ndiyo maana milango yote ya nyumba moja haiwezi kukatwa sawa kwa chini.

Mbao halisi zinastahili aya zake. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, nao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, huku urefu wake karibu haubadiliki. Mlango wa paneli ulibuniwa kwa sababu hiyo. Vipande vya wima na vya mlalo vinaunda fremu ambayo upana wake ni mdogo, kwa hiyo haibadiliki sana, na ile paneli pana imewekwa ndani ya mfereji bila gundi, ikiwa na nafasi ya kupumua. Paneli ya sentimita 30 inaweza kutembea milimita moja hadi tatu kati ya msimu wa unyevu na wa ukavu, na mlango wenyewe usijue. Fundi asiyelijua hili huigandisha paneli kwa gundi au misumari ili isicheze. Msimu ukibadilika, hupasuka katikati.

Utaujua mlango uliotengenezwa vizuri kwa kuutazama karibu hewa inapokuwa kavu. Kandokando ya paneli, pale inapoingia kwenye mfereji, utaona kama kuna mstari mwembamba wa mbao usio na rangi. Mstari huo unaonyesha paneli inatembea kama ilivyokusudiwa, lakini pia kwamba ilipakwa rangi baada ya kuunganishwa. Mwambie fundi azipake paneli rangi au vanishi zote, mpaka kingo, kabla hajazifungia ndani. Kazi ni ileile, na mstari hautaonekana.

Mbao ziwe zimekauka. Kwa matumizi ya ndani ya nyumba, unyevu wa asilimia 8 hadi 12 ndio unaolengwa mara nyingi, kutegemea hali ya hewa ya mahali, na kuna kifaa kidogo cha kuupima ambacho seremala makini huwa nacho. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi utapinda, na hakuna bawaba itakayounyoosha.

MDF, yaani mbao zilizosagwa laini na kushindiliwa kwa gundi, haina mkondo wa nyuzi kama ubao, kwa hiyo haipasuki na hupokea rangi vizuri sana. Udhaifu wake ni maji: kingo zikilowa huvimba, na zikikauka hazirudi. Bafuni, ambako maji humwagika mpaka mlangoni, tumia mlango wa plastiki ngumu au alumini, au wa mbao uliofunikwa rangi pande zote sita. Nasisitiza sita. Ukingo wa juu na wa chini ndio unaosahauliwa, kwa sababu hakuna anayeuona, na ndiko nyuzi za vipande vya wima zinakoishia, zikinyonya mvuke kwa haraka kuliko uso mzima wa mbele. Panda kwenye kiti, pitisha kidole juu ya mlango wowote wa bafu unaokwaruza fremu. Mara nyingi utagusa mbao tupu.

Kama kuna mlango kati ya gereji na sehemu ya kuishi, kanuni za ujenzi za mahali ulipo huenda zikataka mlango unaohimili moto kwa muda fulani, mathalani dakika 30. Mlango wa namna hiyo hununuliwa pamoja na fremu, bawaba na raba zake kama seti moja iliyojaribiwa, na haukatwi wala kutobolewa ovyo.

Hatua ya 4: Sasa chagua mtindo

Simama kwenye korido na uhesabu milango unayoiona kwa pamoja. Hiyo lazima iwe ya familia moja: mgawanyo mmoja wa paneli, rangi moja, kimo kimoja, vitasa vya aina moja. Macho huvumilia mlango wa jikoni wenye kioo na wa stoo wenye luva (vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa), mradi vipande vyake vya wima na vya mlalo vina upana sawa na vya milango jirani. Ukubwa wa vipande hivyo ndio unaounganisha milango, kuliko hata rangi. Ukivunja familia, uvunje mahali pamoja kwa makusudi, labda kwenye mlango wa mabawa mawili wa sebule.

Mlango bapa, ambao mafundi wengi huuita flashi, hauna mapambo, haukusanyi vumbi, na hukaa vizuri kwenye nyumba yenye kuta nyoofu na samani chache. Lakini hauna pa kuficha kosa. Uso wake wote ni mmoja, na kila wimbi la rangi huonekana taa ikiupiga kwa ubavu. Ukiwa na vinia, yaani tabaka jembamba la mbao lililobandikwa juu, angalia nyuzi zinavyokwenda: nyuzi za wima hurefusha, za mlalo hupanua, na milango ya korido moja ielekee upande mmoja.

Paneli sita, mtindo uliozoeleka Uingereza tangu karne ya 18, hupendeza kwenye vyumba virefu vyenye urembo darini. Kwenye chumba kifupi hujaa mno. Paneli mbili za wima huufanya mlango uonekane mrefu. Paneli nne au tano za mlalo huupa uzito na utulivu. Mtindo wa Shaker, wenye paneli bapa na kingo za mraba bila nakshi, ulianza kwa jumuiya ya kidini ya Marekani iliyojulikana kwa samani zisizo na mapambo, nao ndio ningempa mtu asiyejua achague nini. Hukubaliana na nyumba ya zamani na ya kisasa, na fundi wa kawaida anaweza kuutengeneza vizuri. Nakshi nyingi, kwa upande mwingine, zikichongwa vibaya zinaonekana vibaya miaka yote, na vumbi hukaa kwenye kila pindo.

Angalia pia mabao ya kuzunguka fremu na skatingi, ule ubao unaokwenda chini ya ukuta. Mlango mwembamba wa kisasa uliozungushiwa mabao mapana yenye nakshi huonekana kama umeazimwa. Skatingi ikomee kwenye mabao hayo, na mabao yawe manene kuliko skatingi, hata kidogo, ili ncha yake isichomoze.

Hatua ya 5: Kioo, kama kinahitajika

Kioo kwenye mlango kiwe cha usalama, bila mjadala. Kuna kile kilichokazwa kwa joto, ambacho kikivunjika hugeuka chembechembe butu badala ya vipande vya visu, na kile cha matabaka mawili yenye utando katikati, ambacho kikivunjika hubaki kimeshikamana. Cha kwanza hakikatwi baada ya kukazwa, kwa hiyo vipimo vitolewe kwa usahihi kabla. Tafuta alama ndogo kwenye pembe ya kioo. Isipokuwepo, omba uthibitisho kwa maandishi. Kioo cha kawaida kwenye mlango ambao watoto huukimbilia ni hatari.

Kwa faragha, kioo chenye ukungu au mistari hupitisha mwanga bila kuonyesha mtu. Kwa bafu weka kioo juu ya usawa wa macho tu, au kidirisha juu ya fremu, maana kivuli cha mtu aliye karibu na kioo chenye ukungu huonekana taa ya ndani ikiwaka.

Hatua ya 6: Rangi au mbao zake

Ukitaka nyumba ndogo itulie, paka milango rangi ya kuta zake. Ukitaka ionekane, ipake rangi nzito zaidi, na upake fremu vilevile. Mlango mweusi kwenye fremu nyeupe hukata ukuta vipande. Rangi inayong'aa sana hutangaza kila kasoro, na isiyong'aa kabisa hushika alama za mikono karibu na kitasa. Ya satini ndiyo ya katikati na hufutika. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa kwenye korido zisizo na mwanga. Nyeupe ya maji haigeuki hivyo.

Kama unaacha mbao zionekane, usihangaike kuzilinganisha na sakafu. Hazitalingana, na tofauti ndogo huonekana kama kosa. Chagua iliyo tofauti waziwazi, lakini yenye wekundu au umanjano wa aina moja.

Hatua ya 7: Bawaba na vitasa

Mlango ulioshiba uwe na bawaba tatu za milimita 100. Zilizo bafuni ziwe za chuma kisichoshika kutu. Mkono wa kitasa ukae mita moja hivi kutoka sakafuni, usawa mmoja nyumba nzima. Kabla ya kununua kitasa, pima umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya mkono: ukiwa mfupi, kitasa cha mviringo kitakukwaruza vidole kwenye fremu kila unapofunga. Cha bafu kiwe kinachoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu au bisibisi wakati wa dharura. Na kishike mkononi dukani, ukishushe mara kadhaa, uone kama kinarudi chenyewe bila kulegea.

Hatua ya 8: Kupokea na kukagua

Milango isiletwe plasta ikiwa mbichi. Nyumba mpya ina maji mengi kutani, na mbao kavu zitayanywa. Ikifika, ilazwe juu ya vipande vya mbao vilivyo usawa, si kuegemezwa ukutani, na ikae siku chache ndani kabla ya kufungwa. Siku hiyohiyo vuta uzi kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, pande zote mbili. Uzi usipogusa katikati, au ukibonyezwa na mlango, umepinda: urudishe kabla hujaupaka rangi, kwa sababu wauzaji wengi hawapokei uliokwisha kupakwa au kukatwa.

Ukishafungwa, pengo la pembeni na juu liwe milimita 2 hadi 3, sawa kutoka juu mpaka chini. Usiku, zima taa, mtu amulike tochi upande wa pili. Mwanga utakuonyesha pengo linapopanuka. Kisha fungua mlango robo, nusu, robo tatu, na uachilie kila mara. Ukijiendea wenyewe, fremu haikusimama sawa na timazi, na hilo hurekebishwa kwenye bawaba wala si kwa kuuwekea jiwe. Funga taratibu usikilize ulimi wa kitasa ukiingia kwenye bamba lake bila kusukumwa kwa bega. Malipo ya mwisho ya fundi yangoje majaribio hayo yafanyike mlango kwa mlango, naye akiwepo.

Mkubaliane pia arudi mara moja baada ya msimu kubadilika, mbao zikishazoea nyumba. Baadhi ya milango itahitaji kurandwa kidogo, na ukingo wowote utakaoguswa na randa upakwe praima na rangi kabla fundi hajaondoka.